Kwa nini Mtera hupungua hata baada ya mvua nzuri

Msomaji anayeishi Migoli, kando ya Bwawa la Mtera upande wa Iringa, ameuliza hivi: "Mtaalamu, sisi tunaoishi kwa uvuvi tunaona maji yakirudi nyuma kila mwaka kuanzia Juni, na mwaka mwingine tunaburuta mitumbwi juu ya tope mwendo mrefu kabla ya kukuta kina. Wengine wanasema ni wafugaji wa bonde oevu la Ihefu, wengine ni ukataji wa miti, wengine ni wakulima wa mpunga wa Mbarali, na redioni tunaambiwa ni mabadiliko ya tabianchi. Mbona hata mwaka wa mvua nzuri bwawa linapungua? Na je, tope likichotwa, maji yatarudi?"

Ndugu msomaji, ndani ya swali lako mna maswali mawili, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya mabishano ya miaka thelathini iliyopita kuhusu Mtera imetokana na kuyachanganya. La kwanza ni kwa nini Mto Ruaha Mkuu hukauka wakati wa kiangazi ukipita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. La pili ni kwa nini bwawa hupungua. Kwa kuwa mto huo ndio uingiao bwawani, watu wengi, wakiwamo viongozi, hudhani kwamba aliyeukausha mto ndiye aliyelikausha bwawa. Hesabu haziungi mkono dhana hiyo, na nitakuonyesha ni kwa nini.

Nianze na bwawa lenyewe. Mtera lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ili liwe ghala la maji ya mitambo ya Kidatu, ambayo ina megawati 204 na iko umbali wa kilomita zipatazo 170 chini yake. Mitambo ya Mtera yenyewe, ya megawati 80, ilifuata mwaka 1988. Bwawa likijaa hufikia mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kimo cha chini kinachokubaliwa kwa kuendesha mitambo ni mita 690. Kwa hiyo maji yote ya kutumika, ambayo ni takriban mita za ujazo bilioni 3.2, yamo katika mita nane na nusu tu. Maana yake ni kwamba bwawa hili limekaa kama sinia: ni pana sana na halina kina kirefu, kwani likijaa hutandaa kwenye eneo la kama kilomita za mraba 600. Ndiyo maana wewe uliye ufukweni huona maji yakikimbia. Mahali ambapo ardhi ina mteremko wa mita moja katika kila mita mia tano, kina kikishuka mita moja tu, ukingo wa maji husogea nusu kilomita, na mvuvi hubaki akiutazama uwanda wa tope mahali alipokuwa akifunga mtumbwi.

Upana huo una gharama nyingine ambayo haionekani. Mtera iko katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 500, ilhali jua na upepo vinaweza kunyanyua karibu mita mbili za maji kwa mwaka kutoka kwenye uso wa bwawa. Zidisha mita mbili kwa kilomita za mraba 600, utapata mita za ujazo bilioni 1.2, yaani zaidi ya theluthi moja ya maji yote ya matumizi ya bwawa. Kwa kweli bwawa halikai limejaa mwaka mzima, na mvua inyeshayo juu yake hurudisha sehemu ya kilichopotea, hivyo hasara halisi ni pungufu ya hiyo. Hata hivyo hakuna mfereji wala kundi la ng'ombe katika bonde zima linaloweza kushindana na mvukizo huo, na hakuna mtu wa kumlaumu kwa ajili yake isipokuwa, labda, waliochagua mahali pa kujenga. Nao walikuwa na sababu zao, kwa kuwa mabonde yenye kina yaliyo chini zaidi hayakuwa na nafasi ya kuhifadhi maji mengi kiasi hicho.

Maji huingia Mtera kwa mito mitatu mikubwa. Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere na kupita katika tambarare za Usangu, kwa kawaida huleta zaidi kidogo ya nusu. Kisigo, unaotoka upande wa Singida na Manyoni, huleta takriban robo, lakini ni mto wa msimu ambao kiangazi hubaki mchanga mtupu. Ruaha Mdogo, upitao kando ya mji wa Iringa, huleta sehemu iliyobaki na ndio wenye tabia ya kutiririka mwaka mzima. Karibu maji yote ya mito hii huingia bwawani kati ya Januari na Mei. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza tena, bwawa huishi kwa akiba. Kwa hiyo kupungua kwenyewe, kila mwaka, tena hata baada ya mvua nzuri, si ugonjwa. Ndiyo kazi bwawa lilijengwa kuifanya. Ugonjwa ni pale linapoingia msimu wa mvua likiwa na akiba ndogo mno, kiasi kwamba mwaka mmoja wa ukame unatosha kulifikisha mita 690.

Sasa twende Usangu, kwa sababu huko ndiko lawama zote zinakoelekezwa. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kwa wiki kadhaa, na miaka mingine kwa miezi, katika sehemu inayopita hifadhini. Viboko hukusanyika kwenye madimbwi machache yaliyobaki, samaki hufa, na kila anayekwenda kutalii hurudi na picha. Picha hizo zina nguvu, na ni za kweli. Chanzo kikuu cha hali hiyo kimechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa nje, na jibu lao ni lile lile: maji ya mito ya Usangu huchepushwa na mabanio ya umwagiliaji, yaani vizuizi vya kuelekeza maji ya mto mferejini, wakati wa kiangazi, hata mahali ambapo hakuna mpunga shambani.

Jambo hili la mwisho huwashangaza wengi, kwa hiyo linahitaji kutazamwa kwa karibu. Fikiria banio moja kwenye mto kama Mbarali au Kimani mwezi Oktoba. Zamani banio lilikuwa la miti, mawe na majani. Lilivuja wakati wote, na mafuriko ya kwanza yalilibomoa, hivyo mto haukukosa chake. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, miradi ya kuboresha kilimo ilijenga mabanio ya zege yenye ukuta unaovuka mto na lango la chuma la kuingizia maji kwenye mfereji. Wakati wa masika ukuta huo hauzuii chochote cha maana, kwa kuwa mto hupita juu yake. Wakati wa kiangazi, mto ukiwa umebaki kijito, ukuta huo huo unaweza kuelekeza karibu kila tone mferejini, na penye upenyo watu hujaza viroba vya mchanga na magugu. Mfereji huenda kilomita nyingi. Njiani watu huchota maji ya kunywa na kufua, hufyatua matofali, hunywesha mifugo, humwagilia bustani za nyanya na mahindi mabichi, na inapofika Novemba huandaa vitalu vya mpunga. Kinachobaki huishia kwenye majaruba ambayo hayajapandwa kitu, hutuama hapo, kisha jua hukinyanyua. Kinachotumiwa kwa faida ni kidogo mno kulinganisha na kilichoingia langoni, lakini kila kaya iliyo kandokando ya mfereji ina sababu ya haki ya kutaka lango libaki wazi.

Baada ya mabanio maji hukutana na kizingiti cha asili. Ihefu ni bonde oevu lililo kama bakuli, na mahali pekee pa kutokea ni kwenye mwamba wa Ng'iriama. Maji ndani ya Ihefu yasipofikia kimo cha mwamba, hakuna kinachotoka, hata kama bonde lina maji mengi. Watafiti walikadiria kwamba ili kupata nusu mita ya ujazo kwa sekunde ikitoka Ng'iriama wakati wa kiangazi, inabidi takriban mita saba za ujazo kwa sekunde ziingie Ihefu, kwa sababu sehemu kubwa hupotea kwa mvukizo na kwa majani ya bonde lenyewe. Hivyo kupunguza kidogo tu maji yanayoingia kunaweza kuukata mto kabisa upande wa pili. Mto haukatiki polepole; hufika siku ukafungwa kama bomba.

Je, kuna uhusiano gani kati ya hayo yote na bwawa lako? Hapa naomba tupige hesabu. Tuseme bila mabanio Ruaha Mkuu ungeleta Mtera mita tatu za ujazo kwa sekunde kwa siku mia moja za kiangazi, jambo ambalo ni ukarimu ukizingatia habari za Ihefu. Sekunde za siku moja ni 86,400. Kwa siku mia moja tunapata takriban mita za ujazo milioni 26. Hiyo ni chini ya asilimia moja ya bilioni 3.2. Mitambo ya Mtera ikiendeshwa kwa uwezo wake wote hupitisha kama mita za ujazo 90 kwa sekunde, kwa hiyo maji yote yale ambayo viboko walikufa kwa kuyakosa yangeendesha mitambo kwa siku tatu na ushei. Kuukausha mto ni maafa kwa hifadhi, kwa utalii na kwa vijiji vilivyo chini ya Ng'iriama, na ni lazima kukomeshwa kwa ajili hiyo. Lakini mtu akikuambia kwamba umeme ulikatika kwa sababu mto ulikauka Oktoba, amekosea mahali pa kuweka nukta ya desimali.

Mpunga wa masika ni habari nyingine, na hapa wakulima hawawezi kusemwa hawana mchango. Mwaka 1970 eneo la mpunga Usangu lilikuwa dogo. Kisha yakaja mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga, na wakulima wadogo wakayafuata na kuyapita kwa mbali, hadi katika mwaka wenye mvua nzuri eneo lote likafika hekta zipatazo 40,000. Jaruba la mpunga linakula kama mita moja ya maji kwa msimu, kwa hiyo tunazungumzia mita za ujazo milioni 400 hivi. Sehemu ya maji hayo ni mvua iliyonyesha shambani moja kwa moja, na sehemu nyingine hurudi mtoni, hivyo kinachopungua bwawani ni chini ya hapo. Bado ni mara nyingi zaidi ya yale ya kiangazi, nacho ni kiasi kinachohisiwa hasa katika mwaka wa mvua haba. Upande wa pili wa mizani kuna mchele unaoliwa Dar es Salaam na miji mingine, na kipato cha maelfu ya kaya. Huo ni ushindani halisi kati ya umeme na chakula, ambao nchi inapaswa kuuamua kwa macho makavu badala ya kuuficha nyuma ya picha za viboko.

Linabaki lango la bwawa lenyewe, na hili ndilo ninaloliona kuwa limezungumzwa kidogo kuliko linavyostahili. Kati ya 1991 na 1994 Mtera ilishuka sana na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Lawama zilikwenda Usangu. Wataalamu waliopitia baadaye kumbukumbu za mvua, za mito na za mitambo walikuta kwamba maji yaliyoingia hayakuwa yamepungua kiasi cha kueleza anguko lile, na kwamba jinsi maji yalivyotolewa ndiyo iliyolieleza. Kati ya Mtera na Kidatu huingia mito mingine, hasa Lukosi na Yovi, ambayo wakati wa mvua inaweza kubeba sehemu kubwa ya mahitaji ya Kidatu bila msaada. Bwawa dogo la Kidatu lina nafasi ya mita za ujazo milioni 125 tu. Likiwa linajazwa na Lukosi na Yovi, kisha Mtera nayo ikaachilia yake ili kuzungusha mitambo yake, ziada hupita juu ya Kidatu na kwenda baharini bila kuzalisha hata wati moja pale. Kabla ya 1988 hapakuwa na sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa Mtera haikuwa na mitambo. Tangu hapo kishawishi kimekuwapo kila usiku ambao gridi imepungukiwa: megawati 80 za leo zinaonekana, ilhali maji ya mwaka ujao hayana wa kuyasemea.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zililijaza bwawa likafurika, na watu wakasahau. Ukame wa 2005 na 2006 ukatukumbusha, na giza la mwaka 2006 bado linakumbukwa na kila mwenye saluni au mashine ya kusaga. Mwaka huo ndipo serikali ilipoamuru wafugaji waondoke Ihefu, na mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Sitaki kusema mifugo haikuwa na madhara: kwato huvunja kingo, na moto wa kuchoma malisho huharibu majani ya bonde. Lakini kama swali ni maji, hesabu ni fupi. Ng'ombe hunywa kama lita 40 kwa siku. Ng'ombe laki tatu watakunywa mita za ujazo 12,000, ambayo ni sawa na chini ya robo ya mita ya ujazo kwa sekunde. Banio moja la wastani huchukua zaidi ya hapo.

Kuhusu miti, jibu langu ni la tahadhari. Msitu wa asili mlimani husaidia mvua kuzama ardhini na kutoka taratibu kama chemchemi, hivyo ukiharibiwa mto huwa na mafuriko zaidi masika na maji machache kiangazi. Lakini miti nayo hunywa, na mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji inaweza kukausha chemchemi badala ya kuiponya. Kwa bwawa linalojazwa na mafuriko ya masika, mto kuwa na mafuriko zaidi si hasara ya moja kwa moja. Hasara yake huja na udongo. Na tabianchi? Joto likiongezeka, mvukizo wa sinia kubwa kama Mtera huongezeka, na hilo halina ubishi. Mvua za katikati ya Tanzania, kwa upande wao, zimekuwa za kubahatisha tangu babu zetu, na bwawa lilijengwa kwa kulijua hilo. Kwa hiyo naiona tabianchi kama kitu kinachokaza kamba iliyokwisha kufungwa, na huwa na wasiwasi inapotajwa peke yake, kwa sababu hakuna ofisa anayeweza kuulizwa juu yake.

Swali la tope ni rahisi zaidi. Tope uliloliona ukiburuta mtumbwi liko sehemu za juu, ambako mito inaingia na kupunguza kasi, na hapo linaharibu mazalia ya samaki na kuziba njia zenu. Kwa ujazo wa bwawa zima kuchota hakulipi. Ukichota mita za ujazo milioni moja, ambazo ni malori laki moja ya kubeba mita kumi kila moja, utakuwa umeongeza nafasi sawa na saa tatu hivi za mitambo kufanya kazi. Kuzuia udongo usitoke shambani, pamoja na kuheshimu zile mita sitini za kingo zilizowekwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kuna faida zaidi kwa fedha hiyo hiyo.

Kuna jambo la sheria ambalo linaunganisha Usangu na Mtera, nalo ni vibali. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kwa kawaida hutoa kibali kinachotaja lita kwa sekunde, namba moja kwa mtumiaji. Lakini mto hauna namba moja. Kibali cha lita 500 kwa sekunde ni kitu kidogo Machi na ni mto mzima Oktoba. Anayekaa juu akichukua kibali chake chote kiangazi, hajavunja sheria, na wa chini hana maji. Ningependelea kibali kitaje fungu la kilichopo, kwa mfano robo ya mto, na banio lijengwe kwa namna ya kuugawa mto kwa uwiano, jambo ambalo wahandisi wanalijua na ambalo halihitaji mlinzi wa kukaa langoni usiku. Pamoja na hilo, vijiji vipate visima, kwa sababu mfereji unaotiririka miezi sita kwa ajili ya ndoo za kunywa ndio ufujaji mkubwa kuliko wote. Upande wa umeme, Bwawa la Mwalimu Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeondoa udhuru wa kuikamua Mtera. Ruaha Mkuu huungana na Rufiji juu ya bwawa hilo, kwa hiyo maji yanayohifadhiwa Mtera hadi wakati muafaka yanaweza kuzalisha umeme mara tatu: Mtera, Kidatu, kisha huko.

Wewe mwenyewe unaweza kuchunguza jambo hili bila kunisubiri. Mwishoni mwa Mei, maji yanapoacha kupanda, chukua kimo cha maji ya bwawa kwa mita. Kisha chukua tena mwishoni mwa Novemba kabla mvua hazijashika. Katika miezi hiyo sita mvukizo huondoa mita moja na kidogo, iwe bwawa limejaa au limepungua, kwa sababu jua hupima kwa kina na si kwa eneo, na Ruaha Mdogo hurudisha kiasi kidogo. Ukikuta limeshuka mita moja na nusu, mwaka huo limepotea kwa jua zaidi kuliko kwa mitambo. Ukikuta limeshuka mita nne, karibu tatu kati ya hizo zimepita langoni, na hapo una swali la kumpelekea diwani wako au kikao cha watumiaji maji wa bonde: maji hayo yalitolewa mwezi gani, na siku hizo Kidatu ilikuwa ikifurika au la.